Albamu ya Kauboi na Radhi za Mama

Uvumi ule ulimganda Kijakazi kama harufu ya kitunguu vidoleni. Akinawa, upo. Akilala, upo. Ilisemwa kwamba kuna mama mmoja wa Kiswahili, mumu humu Birmingham, amesikika ndani ya wimbo akimnyima mwanawe radhi. Wala si wimbo wa taarabu. Ni kantri, ile miziki ya wazungu wenye farasi, inayoimbwa kwa pua.

Aliyemletea habari ni Luul, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi. Wawili hao walipika chakula cha watoto kwenye shule moja ya Bordesley Green, na umbea wote wa mji uliwafikia palepale, baina ya masufuria ya viazi.

"Mama Raisa, walai mimi hiyo wimbo sijaiskia," Luul alisema huku anamenya karoti. "Lakini pale saluni wanawake wote ni hiyo tu. Eti mama analia, anaambia mtoto sina radhi na wewe, halafu gitaa inaingia, ting, ting, ting."

"Na yeye kakubali kurikodiwa?"

"Si ndio hapo!"

Kijakazi akafyonza. Mama gani huyo asiye haya? Kwao Makunduchi, Unguja, radhi ya mama haichezewi. Mtoto husafiri na radhi, huolewa na radhi, hata chumba cha mtihani haingii mpaka apitie kwa mama kwanza. Mama akiizuia, mtoto hatengenekewi, hata akijenga ghorofa. Sasa mtu mzima na akili zake anakwenda kuitamka mbele ya gitaa, watu waisikilize huku wanasukwa nywele! Kapewa nini? Kapewa kofia?

Kofia ilimjia kichwani kwa sababu mwimbaji alikuwa anamjua. Wazimu ule Birmingham nzima ulikuwa wa mtu mmoja tu. Bethuel, Mkenya wa Molo, mwanamume wa makamo mwenye shingo nyembamba na likofia ambalo mvua ikinyesha lingeweza kuhifadhi familia. Siku za kazi alipakia mizigo kwenye ghala kama watu wengine, na hapo hakuwa na ubaya. Ubaya ulianza Jumamosi. Alivaa viatu virefu vyenye visigino, kwata kwata kwata, utadhani mbuzi kapanda sakafu ya mbao. Alifunga mkanda wenye bizimu kubwa kama kisahani cha chai. Sauti nayo ilibadilika, ikawa inatoka puani, na kila neno likaburutwa kama gunia. Farasi hajampanda hata siku moja. Punda alimpanda utotoni, akaanguka, mwenyewe husimulia. Mbwa akibweka mbele yake, kauboi anavuka upande wa pili wa barabara.

Watu wangemcheka tu wakapita, kama si albamu. Tangu kiangazi Bethuel alikuwa anatengeneza albamu, na nyuma yake alimweka msichana wa kumwitikia. Msichana mwenyewe alikuwa Raisa, binti pekee wa Kijakazi.

Raisa alizaliwa hapahapa. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini anajibu kwa Kiingereza. Alikuwa amehamia mtaa wa Ladywood, kwenye ghorofa refu, na rafiki yake. Sauti alipewa na Mungu. Akiwa mdogo alikuwa akisoma kaswida mpaka wanawake wanajifuta macho. Na sauti hiyo ndiyo iliyokwenda kuwa mkia wa likofia lile.

Basi Kijakazi alimdharau yule mama asiyemjua kwa siku kadhaa. Alimdharau jikoni, alimdharau kwenye basi, alimdharau hata kwenye sala, akaomba asijaaliwe kuwa mpumbavu kama yule.

Kisha Luul akaja na simu.

"Tahlil wangu ametumiwa na marafiki," alisema. Tahlil ni mwanawe. Hakuwa anacheka. "Mama Raisa, hebu kaa kwanza."

"Nikae kwani kafa mtu?"

"Kaa tu, dada."

Luul akabonyeza. Kwanza ilisikika mvua. Halafu ule mlio wa milango ya basi inapofunguka, fshhh. Halafu sauti ya mwanamke, anahema kama aliyepanda ngazi.

*Raisa, umemwacha baba yako na hitima yake kwa ajili ya mlevi wa kofia? Basi mimi sina radhi nawe. Unasikia? Radhi zangu sina nawe. Usiniite mama.*

Gitaa likaingia, ting, ting, ting. Bethuel akaanza kuburuta maneno puani: alikuwa njiani, mama kafunga mlango, farasi wake kachoka. Halafu tena, kama kiitikio: *Radhi zangu sina nawe.* Ting. *Sina nawe.* Ting.

Kijakazi hakulia. Alisimama, akazima jiko lililokuwa halijawashwa.

Sauti ilikuwa yake. Ilikuwa siku ya hitima ya marehemu mumewe. Wanawake walijaa nyumbani, pilau ipo, visomo vimeanza, na Raisa hakutokea. Alikuwa na Bethuel kwenye baa moja wakiwaimbia wazee wa Kiingereza. Kesho yake, akisubiri basi la kurudi kazini, Kijakazi alichukua simu. Kuandika hakumpi raha, shule yake iliishia darasa la saba na herufi za simu ni ndogo. Yeye na mwanawe ni ujumbe wa sauti tu. Akasema yale maneno kwa hasira, akaachia kidole, yakaenda. Hajafika hata kituo cha pili moyo ukampiga. Akarekodi mwingine. *Mwanangu, nimekosea, nimekusamehe, radhi zako zote unazo, duniani na akhera.* Akautuma, akatulia. Kwake jambo lilikwisha pale. Mama husema, mama hurudisha, na Mungu anamjua mama.

Lakini albamu hairudishi. Albamu inasema vilevile kila inapowekwa. Kila msusi, kila dereva, kila kijana mwenye spika atakayeuchezesha wimbo ule atakuwa anamnyima Raisa radhi za mamaye, tena kwa sauti ya mamaye. Na yeye akifa, maneno yatakayobaki duniani kwa mwanawe ni hayo.

Akampigia.

"Raisa, ile sauti yangu kaipata wapi mtu yule?"

Raisa akajibu kwa Kiingereza, kwa haraka: kwamba ni wimbo mmoja tu, kwamba jina la mama halijaandikwa, kwamba watu wanaupenda.

"Wanaupenda! Mwambie autoe."

Raisa akasema hawezi. Ijumaa albamu inapandishwa mtandaoni, na Bethuel anasema wimbo ule ndio moyo wa albamu. Kama anataka, aje mwenyewe amwambie. Watakuwa studio wakimalizia.

"Nitakuja," Kijakazi akasema. "Hiyo studio ina mlango?"

Walipanda basi la kwenda mtaa wa Kingstanding, yeye na Luul, wakiwa na majaketi juu ya sare za jikoni. Njia nzima Luul alikuwa akipanga atakayosema, na Kijakazi alikuwa akipanga asiseme kitu kitakachomrudia tena na gitaa.

Studio! Msikie tu neno. Ilikuwa chumba cha kulala cha nyuma kwenye nyumba ya kina Rikesh, kijana wa Kihindi ambaye ndiye mtengenezaji wa muziki wenyewe. Magodoro yameegemezwa ukutani, mablanketi dirishani, na nyaya zimelala chini kama nyoka waliochoka. Maikrofoni ilining'inizwa ndani ya kabati la nguo, kati ya makoti ya baridi ya mamake Rikesh, kwa sababu eti makoti yananyonya mwangwi. Mwimbaji wa albamu anaingiza kichwa kabatini, makalio yanabaki nje, anaimba kuhusu nyika.

Na kauboi mwenyewe alikuwa kwenye soksi. Rikesh alimvua viatu kwa kuwa vile visigino vilikuwa vinaingia kwenye rekodi. Kofia alikataa kuvua. Spika za masikioni zikawa hazienei juu ya likofia lile, akazivaa kwa kuzipitisha chini ya kidevu, kama mtoto aliyefungwa kitambaa cha jino bovu. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba kinachungulia.

Luul alimtazama kutoka juu mpaka kidoleni. "Sheriff," akasema. "Farasi umeegesha wapi?"

Bethuel akacheka, akanyoosha mkono. "Sasa, mum! Karibuni! Hii ni heshima kubwa sana."

Shikamoo hakutoa. Kijakazi hakuuona mkono. Alikuwa anamtazama Raisa, aliyekaa kwenye kona ya kitanda na mikono ndani ya mikono ya sweta, kama alivyokuwa akikaa utotoni akijua kavunja kitu.

"Nimekuja kuchukua sauti yangu," Kijakazi alisema.

"Mama, wacha nikuelezee." Bethuel alikaa, akaweka sauti ya puani. "Kantri ni ukweli. Kantri ni uchungu. Kila mtu mkubwa wa kantri ana wimbo wa mama. Mimi nilikuwa na wimbo, lakini mama sikuwa naye."

"Mama yako yuko wapi?"

"Yuko Molo."

"Kafa?"

"La, yuko sawa, yuko na ng'ombe wake. Nilimpigia nimrekodi, nikamwambia mama, lia kidogo. Akaniuliza kama nimekula. Halafu akakata simu, maziwa yalikuwa yanafurika." Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, na huo ndio ukweli pekee uliotoka kwake siku ile. "Sasa Raisa siku moja akanisikizisha hiyo yako. Mama! Nilitetemeka. Hiyo si sauti, hiyo ni almasi. Hata huko Nashville, kwao kantri, hawana."

"Umefika huko?"

"Bado. Lakini roho yangu iko huko."

"Roho iko huko na kidole kiko Kingstanding," Luul akasema.

Rikesh akainamia mashine yake kuficha kicheko. Kijakazi hakucheka. Alivuta pumzi, akaeleza taratibu, kama anavyoeleza watoto wa shule wasioelewa kwa nini karanga hazifai. Akasema radhi ni nini. Akasema yale si maneno ya kupamba wimbo. Akasema kila wimbo ule unapolia, mwanawe anapigwa.

Bethuel alisikiliza, na macho yakaanza kumng'aa. "Kumbe ni kama laana?"

"Ni mbaya kuliko laana."

"Basi hiyo ndiyo tunataka!" Akampiga Rikesh begani. "Umeskia? Laana ya kweli! Ya mama wa kweli! Watu wakijua hiyo, wimbo utaenda mbali. Mum, hata tungeweka kwa maelezo ya albamu..."

Mjinga wa kawaida akielezwa kwamba amekanyaga kaburi, huondoa mguu. Huyu aliomba apigwe picha juu yake.

Kijakazi akamgeukia mwanawe. "Na wewe? Umempaje? Mama yako, Raisa. Umemchukua mama yako ukampa huyu?"

Hapo Raisa akainua uso, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi akajibu kwa Kiswahili, kilichovunjikavunjika lakini kila mtu alielewa. "Wewe ulisema usiniite mama. Ukasema umemaliza na mimi. Mimi nilisikia, nikakaa chini bafuni. Nikasubiri upige simu. Ukapiga, ukaniuliza kama nina koti la baridi! Kama hujasema kitu. Nikaona basi, hiyo sauti si ya mama yangu tena. Nikampa mtu anayeitaka."

"Lakini si nilikutumia nyingine? Palepale! Nikakwambia nimekusamehe!"

"Nyingine gani?"



Kijakazi akatoa simu, akarudi juu, juu, akapita salamu za asubuhi, akapita dawa za mafua na dua za Ijumaa, zote sauti, zote zake, ndefu kama mkeka. Akafika. Ujumbe wa kwanza, kialama chake cha kipaza sauti kilikuwa cha buluu: umesikilizwa. Wa pili, chini yake tu, kilikuwa bado kijivu. Haujawahi kufunguliwa.

Akamwonyesha. Raisa akaangalia, akaziba mdomo. "Mama, unatuma nyingi sana," akasema kwa sauti ndogo. "Baada ya ile sikutaka kusikiliza nyingine."

"Sikiliza sasa."

Akabonyeza. Mlango wa basi, fshhh. Mwanamke yuleyule, pumzi ileile. *Mwanangu, nimekosea, nimekusamehe, radhi zako zote unazo, duniani na akhera. Kula. Usilale na njaa kwa ajili yangu.*

Raisa alilia kama mtoto, kwa kelele, bila uzuri wowote, na Kijakazi akamkamata kichwa akakibana kwenye sare yake yenye harufu ya kabichi. Na kauboi je? Kauboi alikuwa amesimama na soksi zake, anamfanyia Rikesh ishara kwa kidole: rekodi, rekodi.

Luul akamwona. "Wewe! Shusha hiyo kidole kabla sijaivunja."

Raisa akajifuta uso kwa mkono wa sweta. "Itoe," akamwambia Bethuel.

"Raisa, aki, usiwe hivyo. Albamu ni ya nani?"

"Basi nitoe na mimi."

"Nani?"

"Mimi. Sauti yangu. Nyimbo zote. Rikesh, nitoe."

Bethuel akacheka, akasema hakuna neno, kauboi hutembea peke yake. Akamwambia Rikesh azime sauti ya Raisa, watu wasikie kitu safi. Rikesh akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akacheza wimbo.

Jamani. Ilikuwa sauti nyembamba kama mkojo wa paka. Mahali pa juu ilikatika, mahali pa chini ilizama, na katikati ilitafuta njia kama mtu aliyepotezewa ufunguo. Miezi yote ile, kilichokuwa kikiitwa sauti ya Bethuel kilikuwa ni Raisa anayemshika mkono chini kwa chini. Kwato za farasi zilikuwa Rikesh anajipiga mapaja. Uchungu ulikuwa wa Kijakazi. Mle ndani cha Bethuel kilikuwa pua tu.

Wimbo haukufika mwisho. Bethuel mwenyewe akasema, "Zima." Akakaa kitandani. Hata kofia ilionekana imepungua.

"Nikiitoa ile ya mama," akasema, na sasa alikuwa anaongea kama mtu wa Molo, "Raisa anabaki?"

"Kwenye hizi zilizokwisha," Raisa akasema. "Mpya, hapana."

"Na pale niweke nini?"

"Muweke mama yako," Kijakazi akasema, "akikuuliza kama umekula."

"Hiyo haina uchungu."

"Kwa mtu mwenye akili, inayo."

Bethuel akamwashiria Rikesh, naye akaifuta ile sauti mbele yao. Kijakazi alitaka aone kwa macho, akaonyeshwa ule mstari wa sauti yake kwenye kioo, umejaa miiba, kisha haupo. Akataka aambiwe kama kuna mwingine umefichwa. Rikesh akaapa kwa mama yake, na makoti ya mama yake yakiwa shahidi kabatini.

Ijumaa albamu ikatoka. Pale palipokuwa na mama wameweka mvua, ile ya kweli ya dirishani Kingstanding, na wakosoaji wa saluni wakasema wimbo umepoa. Vizuri, upoe. Bethuel siku hizi anatafuta mwitikiaji mwingine. Wenye mabinti, mmesikia.

Lakini nakala ile ya kwanza, aliyoisambaza Bethuel kwa rafiki zake kabla ili wamsifu, bado inatembea. Tahlil ameifuta yake, Luul kahakikisha. Wengine nani atawahakikisha? Juzi Kijakazi yuko kwenye foleni ya nyama, gari limepita madirisha wazi, na mlango wa basi ukafunguka ndani ya gari lile, fshhh. Alisimama pale na mfuko wake wa maini, akasema kwa sauti, watu wote wamgeukie: "Raisa, radhi zako unazo!" Kisha akampigia simu akamwambia tena. Akamngoja ajibu. Sasa Raisa hujibu kwa Kiswahili, neno moja tu, "Nimezipokea," na Kijakazi haendi kulala bila kulisikia.

Kwa hiyo, kina mama wenzangu, haya muyaepuke:

Kumnyima mtoto radhi kwa simu. Ukikasirika, weka simu kwenye droo.

Kusamehe kwa simu. Nenda, hata kama lifti ya ghorofa ni mbovu.

Kutuma sauti nyingi mpaka mtoto hajui ipi ya kufungua.

Kuuliza habari za koti kabla ya kuuliza habari za moyo.

Kumcheka mama wa kwenye uvumi kabla hujaisikia sauti yake.

Studio yenye kabati.

Mwanamume wa kofia ambaye mama yake yu hai na yeye anaazima wa mwenzake.